Bolti Ikikukatikia Ndani ya Flaiwili

Mkono unajua kabla ya jicho. Spana iliyokuwa imekaza hadi mishipa ya kiganja ikasimama inalegea ghafla, na unapotoa soketi, kichwa cha bolti kinatoka nayo, kinang'aa pale kilipokatikia. Umelala chali chini ya HiAce, giaboksi iko sakafuni ubavuni mwako, klachi imekwisha hadi ribiti zimekwangua chuma, na mwenye gari ameshapiga simu mara tatu kwa sababu kesho alfajiri anatakiwa kuwa kituoni kupakia abiria. Sasa kuna kipande kimebaki ndani ya tundu, hakina kichwa wala pa kushika.

Weka spana chini, toka uvunguni, nawa mikono. Hadi hapo flaiwili bado ni nzima, nyuzi zake ni nzima, na kisiki kilichobaki kina kila nafasi ya kutoka. Flaiwili nyingi nilizoziona zikiishia kwenye rundo la chuma chakavu ziliharibiwa na kilichofanyika robo saa iliyofuata: drili iliyokwenda upande, kifaa kigumu kilichovunjikia ndani, nyundo iliyopigwa kwa hasira. Kazi hii inataka saa moja ya utulivu. Ukiifanya kwa dakika kumi, itakuchukua siku mbili.

Nitatumia HiAce ya dizeli yenye injini ya 5L kama mfano, kwa kuwa ndiyo gari nililolala chini yake mara nyingi zaidi, ila Hilux na Land Cruiser zina tabia zilezile. Klachi inaposhushwa, kuna bolti za aina mbili zinazopenda kukatika. Za kwanza ni zile zinazofunga presha pleti kwenye flaiwili, kwa kawaida sita, za unene wa milimita 8, na vichwa vyake ni vya spana namba 12. Za pili ni zinazoshika belihauzi, ile kengele ya aluminiamu inayounganisha giaboksi na injini. Hizi ni nene zaidi, za spana namba 14 na 17. Nitaanza na za flaiwili, kwa maana ndizo zinazowatoa watu jasho.

Kwanza jua imekatika kwa nini

Fundi aliyenifundisha kazi hakuwa akiniruhusu kugusa drili kabla sijamjibu swali moja. "Kijana, imekatika kwa nini?" Nikisema sijui, alinirudishia kichwa cha bolti mkononi nikakitazame tena juani. Wakati ule niliona ananichelewesha. Leo najua kwamba jibu la swali hilo ndilo linalokuchagulia njia ya kukitoa kisiki.

Kisafishe kichwa kwa petroli kidogo, ukitazame pale kilipokatikia. Uso ukiwa na alama za mzunguko, kama kitambaa kilichokamuliwa, bolti ilisokotwa. Kama ilisokotwa wakati wa kukaza, hiyo ni habari njema. Kinachoibana bolti ndani ya tundu ni mvuto wa kichwa chake dhidi ya kitu inachokifunga. Kichwa kikitoka, mvuto unakwisha, na kisiki kinabaki kimekaa tu ndani ya nyuzi zake. Visiki vya namna hii nimevitoa kwa ncha ya msumari. Kama ilisokotwa wakati wa kufungua, habari ni nyingine: kuna kitu kimeikamata huko ndani, na kitu hicho bado kipo.

Ukiona sehemu moja ya uso ni nyeusi au ina kutu ya zamani, na sehemu nyingine inang'aa, ujue bolti ilikuwa na ufa siku nyingi. Ilikuwa imelegea, ikawa inacheza kila klachi ilipokanyagwa, ufa ukatembea kidogo kidogo hadi ikabaki nyama ndogo. Hapo usiishie kwenye hiyo moja. Tano zilizobaki zimeishi maisha yaleyale, kwa hiyo zote zibadilishwe. Kutu nyekundu kwenye nyuzi inasimulia kivyake. Magari yanayoshinda pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, hula chumvi ya bahari kila siku, na baadhi ya yaliyotumika Japani yalishakula chumvi nyingine huko kabla hayajapanda meli, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji wakati wa baridi. Kisiki chenye kutu hakitoki kwa msumari.

Sababu ya nne ni ya mikono yetu wenyewe, na ndiyo ninayoikuta zaidi. Ndani ya presha pleti kuna springi kubwa ya duara, ile yenye vidole vinavyosukumwa na beringi ya klachi. Muda wote springi hiyo inaisukuma presha pleti iachane na flaiwili, na bolti sita ndizo zinazoizuia, kila moja ikibeba sehemu yake. Fundi mwenye haraka hufungua bolti moja mpaka mwisho, akahamia ya pili, kisha ya tatu. Anapofika ya sita, bolti hiyo inabeba mzigo wa wenzake wote, tena kwa upande, kwa kuwa presha pleti imeshainuka upande mmoja. Inapinda, nyuzi zinauma, inakatika. Dawa yake ni kufungua kwa msalaba: zungusha hii nusu mzunguko, nenda inayoitazama nusu mzunguko, endelea hivyo hadi uone presha pleti imeinuka sawasawa pande zote na springi imekwisha nguvu. Hapo zifungue kwa vidole.

Matayarisho yasiyorukwa

Toa waya za betri. Hakikisha gari limekaa juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini. Vaa miwani: ukitoboa kuelekea juu, vumbi lote la chuma linarudi usoni. Katikati ya flaiwili kuna beringi ndogo inayopokea ncha ya shafti ya giaboksi, na nyuma yake kuna sili ya krenki. Zifunike kwa kitambaa kilichopakwa grisi ili chembe za chuma zinase hapo. Chembe moja ikiingia kwenye beringi ile, utaisikia ikilia kila ukikanyaga klachi, na utaishusha giaboksi tena.

Lile vumbi jeusi la klachi usilipulize kwa upepo wa kompresa. Pleti za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini, zinaweza kuwa na asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha ukitupe kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa. Na kama ulinyunyiza dawa ya kusafishia breki, mahali pakauke kabisa kabla moto haujakaribia. Zipo dawa za namna hiyo zenye klorini, na zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu ambayo kiasi chake kidogo tu kinaweza kuua. Mafundi wengi hawaambiwi hili.

Halafu fanya uamuzi ambao wengi wanaukimbia: ishushe flaiwili yenyewe. Tayari umeshatoa giaboksi na klachi, kilichobaki ni bolti chache za katikati. Ukiwa nayo mezani, imebanwa kwenye jiliwa, unakiona kisiki kwa macho mawili, unafika upande wa nyuma, na ukishindwa unaibeba mpaka kwa mkerezaji. Wapo wanaosema kuishusha ni kujiongezea kazi. Mimi sikubaliani nao. Weka alama ya tindo au rangi kwenye flaiwili na kwenye krenki ili irudi ilivyokuwa, na ujiandae, kwa kuwa ni nzito kuliko inavyoonekana. Isikuangukie kifuani.

Njia za upole

Itazame nyuma ya flaiwili. Nyingi zina matundu yaliyotoboka hadi upande wa pili, na ncha ya kisiki inaonekana pale. Kama ipo nje kidogo, ishike kwa vaisgripu kutoka nyuma na uizungushe. Kumbuka kwamba umegeuza upande: ukitazama kutoka nyuma, kuzungusha kama unakaza ndiko kunakokitoa kisiki upande wa mbele, na kuzungusha kama unafungua kunakivuta nyuma, kwako, basi fikiri mara mbili kabla ya kuvuta. Kisiki kinaweza kutokea upande wowote, mradi nyuzi zake hazijaharibika.

Kama hakionekani nyuma lakini kimetokeza mbele hata milimita 3, vaisgripu bado inatosha. Kikiwa kimelingana na uso wa flaiwili, chukua tindo ndogo au panchi yenye ncha kali, iweke pembezoni mwa kisiki, ilaze kuelekea upande wa kufungulia, kisha gongagonga polepole kwa nyundo nyepesi. Unachotaka ni kukitekenya kizunguke. Kama kilikatika wakati wa kukaza, mara nyingi hapa ndipo kazi inapoishia, nawe utashangaa ulivyokuwa umeogopa.

Kisiki chenye kutu kitilie mafuta ya kulainisha kutu na ukipe muda. Mafuta ya kopo yanafaa. Mafundi wengi pia huchanganya hidroliki ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hujitenga, hivyo utikise kila unapoutumia, na uuweke mbali na moto. Tia, gonga kisiki katikati kwa panchi mara kumi hivi ili mtikisiko uivunje kutu, subiri, rudia. Ukipata nafasi, tia jioni na uendelee asubuhi. Mwenye gari atanung'unika, lakini atanung'unika zaidi akiambiwa anunue flaiwili.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu moto. Moto unasaidia kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kikipoa hujivuta, na huko kutanuka na kujivuta ndiko kunakoipasua kutu. Pasha sehemu inayozunguka tundu zaidi ya kisiki chenyewe. Kikiwa bado cha moto, gusa pembeni kwa mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi, mahali ambapo mafuta ya kawaida yangekuwa yameshaungua. Lakini usiipashe flaiwili mpaka iwe nyekundu, wala usiimwagie maji. Chuma cha kusubu kikipozwa ghafla hupasuka, na ufa kwenye kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, karibu na anapokaa dereva, hauna msamaha.

Nati iliyochomelewa

Kama una mashine ya kuchomelea na mkono uliotulia, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa kisiki kilichong'ang'ania. Weka washa juu ya kisiki, tundu la washa likiwa sawasawa na kisiki. Jaza tundu hilo kwa kuchomelea, kuanzia katikati ya kisiki kwenda nje, hadi kisiki na washa viwe kitu kimoja. Kisha weka nati juu ya washa, na uijaze vilevile kwa ndani. Sasa kisiki kina kichwa kipya, na wakati huohuo kimepata joto kali kutoka katikati kwenda nje, jambo ambalo moto wa gesi hauwezi kulifanya vizuri.

Acha ipoe mpaka wekundu uondoke kabisa. Wengi hukosea hapa: wanaivuta ikiwa bado nyekundu, nati inachomoka kama boga lililoiva. Ikishapoa kiasi, chukua spana ringi na uende mbele na nyuma. Kaza kidogo, fungua kidogo, kaza, fungua. Ukisikia kilio chembamba, kimeanza kukubali. Tia mafuta, endelea. Nati ikichomoka, chomelea nyingine. Nimeshachomelea nati 4 kwenye kisiki kimoja, na kwa ya nne kisiki kikatoka kizima, bila uzi mmoja wa flaiwili kuguswa.

Kama umeamua kuchomelea flaiwili ikiwa bado kwenye injini, kibano cha ardhi cha mashine kishike flaiwili yenyewe, karibu na kisiki. Ukikifunga kwenye chesi au kwenye bloku, umeme utapita katikati ya beringi za krenki ukitafuta njia ya kurudi, na cheche zake huacha vishimo kwenye nyuso zile laini. Matokeo yake utayasikia baada ya miezi, ukidhani ni tatizo jingine.

Ukibaki na drili

Drili ni njia halali, ila ndiyo isiyosamehe. Tundu likienda upande, limekula nyuzi, na nyuzi za flaiwili hazioti tena.

Anza kwa kuusawazisha uso wa kisiki kwa tupa au kwa jiwe dogo la kusagia. Uso uliokatika una kilima na bonde, na biti ya drili siku zote hukimbilia bondeni. Ukishakuwa bapa, tafuta katikati. Usikadirie kwa jicho moja ukiwa umekaa upande. Njia nzuri ni kumpa mkerezaji akutengenezee bomba dogo la chuma linaloingia ndani ya tundu juu ya kisiki, lenye tundu la milimita 3 katikati. Bomba hilo linailazimisha biti ikae katikati hata ukitaka kukosea, na ukilihifadhi litakufaa miaka yote. Usipokuwa nalo, piga alama ndogo kwa panchi, itazame kutoka pande nne, isogeze kwa kulaza panchi kama imekosea, na ukiridhika piga ya nguvu.

Anza na biti ya milimita 3, mpya na kali. Drili nyingi za mkono zinaweza kufika mizunguko karibu 3000 kwa dakika. Wewe ipeleke polepole, huku ukisukuma kwa uzito, hadi uone nywele za chuma zikitoka zimejikunja. Ukiona vumbi na moshi, biti inasugua tu, na kisiki kinazidi kuwa kigumu kwa joto. Tia mafuta kila baada ya sekunde chache. Kama unaweza kupata biti za kushoto, zile zinazokata zikizungushwa kinyume, zinunue hata kwa bei ya juu. Zinatoboa zikivuta upande wa kufungulia, na si mara moja nimekuwa natoboa tundu la pili nikaona kisiki kinapanda juu kikifuata biti, chenyewe.

Kutoka milimita 3 nenda 5. Kwa bolti ya milimita 8 yenye nyuzi za kawaida, ambazo uzi na uzi vimeachana milimita 1.25, kikomo chako ni biti ya 6.8. Ukifika hapo na uko katikati barabara, kilichobaki cha kisiki ni ngozi nyembamba iliyojikunja kwenye nyuzi kama springi. Ichokoe kwa ncha kali, ivute kwa koleo nyembamba, halafu pitisha tapu ya M8 taratibu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta kila mara.

Sasa niseme kuhusu ekstrakta, vile vijiti vyenye nyuzi za kinyume vinavyouzwa kwenye pakiti, vidogo hadi vikubwa. Vinavutia. Unatoboa, unakigongelea ndani, unazungusha kinyume, kisiki kinatoka. Kwa kisiki kilicholegea ni kweli, ingawa kisiki cha namna hiyo kingetoka kwa panchi. Kwa kisiki kilichoshikwa na kutu, fikiria: bolti ya chuma kizima ya milimita 8 imeshindwa na kutu hadi ikakatika. Kijiti cha milimita 4 kitaishindaje? Tena kadiri unavyokigongelea ndani, ndivyo kinavyokitanua kisiki na kukibana zaidi kwenye tundu. Kikivunjika, na ekstrakta ni ngumu na huvunjika kama kioo, biti za kawaida haziwezi kuikata. Unahitaji biti za kabaidi, ambazo nazo zikitikiswa mkononi huvunjika, au mashine ya kusimama yenye mkono thabiti.

Nilipokuwa mwanafunzi niliivunja moja hivyo, ndani ya flaiwili ya HiAce, saa tano usiku, nikijaribu kumaliza kabla fundi wangu hajarudi. Aliporudi asubuhi hakunifokea. Alichukua kile kichwa cha bolti, akanipa, akasubiri. Uso wa kichwa hicho ulikuwa mwekundu kwa kutu, na mimi sikuwa nimeutazama. Flaiwili ile ilikwenda kwa mkerezaji siku mbili, na mwenye gari alikuwa baba mwenye watoto wanaotegemea daladala ile moja. Tangu siku hiyo ekstrakta naitumia tu kisiki kikiwa kimeshaonyesha dalili ya kucheza.

Tundu likiwa limeharibika

Nyuzi zikiliwa kidogo, tapu inaweza kuzirudisha. Zikiwa zimekwisha, kuna springi za chuma za kurudishia nyuzi. Unalipanua tundu, unalipigia tapu yake maalumu, unaiingiza springi, na unapata nyuzi za M8 upya. Kwenye bloku nazikubali bila wasiwasi. Kwenye flaiwili nakubali tu kama kazi imefanywa na mkerezaji kwenye mashine, tundu likiwa wima na katikati. Nisichokikubali ni kulipanua tundu moja na kutia bolti ya milimita 10 iwe kubwa kuliko nyingine tano. Na usirudishe presha pleti kwa bolti tano ukasema ya sita "haina kazi kubwa". Inakaa upande, klachi inatetemeka wakati wa kuondoka, na bolti mbili zilizo jirani na pengo zinafuata njia ileile.

Ukifika hapo, mkerezaji ana bei ndogo kuliko unavyodhani, ukilinganisha na flaiwili. Kwa Dar es Salaam utazunguka Gerezani, Kariakoo; kwa Nairobi, Kirinyaga Road na mitaa yake. Ukinunua flaiwili iliyotumika, pitisha kucha juu ya uso wake ukitafuta nyufa, hesabu meno ya nje yanayoshikwa na stata, na uifananishe na yako ana kwa ana, tundu kwa tundu.

Bolti ya belihauzi

Hapa tabia ni nyingine. Bolti ya chuma imepita ndani ya aluminiamu, unyevu ukaingia, na vyuma viwili tofauti vikikutana na maji ya chumvi huliana. Unga mweupe unajaa kati yao. Kichwa kikikatika, giaboksi inakataa kurudi nyuma kwa sababu shina limekamatwa na sikio la belihauzi. Usitie mtaimbo kati ya belihauzi na injini. Aluminiamu hupasuka kabla hujaambiwa. Pasha sikio lenyewe kwa moto mdogo unaotembea. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo tundu litalegea kabla shina halijanenepa. Ila kuwa mwangalifu, kwa sababu aluminiamu haiwi nyekundu kukuonya kama chuma. Inaonekana ileile hadi dakika inapoyeyuka.

Giaboksi ikishatoka, shina lote limebaki nje ya bloku kama mkia, nawe una pa kushika. Furahi. Funga nati mbili juu yake, zikazane zenyewe kwa zenyewe kama nyuzi zipo, au chomelea nati, na ufungue. Kabla ya kupitisha tapu, pima nyuzi kwa bolti nzima ya jirani. Magari ya Kijapani mara nyingi hutumia nyuzi za karibukaribu za 1.25 hata kwenye bolti nene, na tapu ya 1.5 au 1.75 utakayoazima kwa jirani itazikata zote.

Kurudisha

Bolti mpya ilingane na ya zamani kwa urefu, kwa nyuzi na kwa alama ya kichwani. Iliyozidi urefu, kwenye tundu lisilotoboka, hufika mwisho wa tundu kabla haijaibana presha pleti; wewe unahisi imekaza, kumbe inajikaza dhidi ya ukuta. Ya dukani isiyo na alama yoyote, ya kufungia geti, haifai hapa. Nyuzi ziwe safi na kavu, kwani ukitia grisi bolti huvutika kuliko nguvu unayoiona kwenye spana.

Kwa Toyota nyingi ndogo, bolti hizi za presha pleti hukazwa kwa kiasi cha Nm 19. Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Ni kidogo kuliko mikono yetu ilivyozoea: kama uzito usiofika kilo 8 kwenye ncha ya spana ya sentimita 25. Ukitia bomba la sentimita 60 na kulilalia kwa kilo 30, umeshazidisha karibu mara kumi. Tafuta toki renchi, hata ya kuazima. Kaza kwa msalaba, mizunguko mitatu au minne ya kuzunguka zote, ili presha pleti ishuke sawasawa jinsi ilivyopanda.

Pini za kulengeshea belihauzi zikague kabla ya kuinua giaboksi. Kama zimebaki kwenye injini au zimeanguka, utajua sasa. Isukume giaboksi kwa mikono hadi belihauzi iguse bloku pande zote, ndipo ukaze. Isipogusa, usiivute kwa bolti. Kuna kitu hakijakaa, na kuivuta ndiko kunakozaa kisiki kingine.

Ukimaliza, washa injini gari likiwa bado juu ya stendi, kanyaga klachi, ingiza gia zote, sikiliza. Kisha kifunge kile kichwa kilichokatika pamoja na kisiki chake kwenye kipande cha karatasi, umpe mwenye gari pamoja na bolti za zamani, na umwonyeshe mahali pa kutu au pa ufa. Mwambie arudi baada ya wiki uzikague za belihauzi kama zimeshika.